Mdai Asiyekula Kuku

Nyinyi mliobaki pale ofisini mmeniomba niandike jinsi kazi ya kudai madeni ilivyokuwa zamani, kabla hamjapata pikipiki na mashine ya kupigia hesabu. Wycliffe amesema nisizidishe kurasa. Agripina amesema nisijisifu. Nitajaribu yote mawili. Shule yangu iliishia pale nilipoweza kusoma Injili ya Marko bila kufuata kwa kidole, kwa hivyo mkikuta neno limekaa upande, linyoosheni wenyewe muendelee. Majina ndiyo msiyaguse. Yote ni sawa. Jina la mtu huwa halinitoki.

Ninaandika nikiwa nyumbani kwangu, chini ya mabati mapya. Mvua ikinyesha kalamu inangoja, kwa sababu kelele za mabati hunifanya nisahau nilichotaka kusema. Nyumba ya nyasi haikuwa hivyo, lakini nyasi nazo zilikuwa na mambo yake.

Kazi niliipata mwaka wa pili baada ya bendera ya uhuru kupandishwa. Nilikuwa mjane mwenye watoto, na wakubwa wao Ayub na Fanisi walikuwa tayari wanakula kama watu wazima. Chama chetu cha ushirika kilikuwa na chumba kimoja hapo Kakamega mjini, meza mbili, na meneja aliyeitwa Bwana Josiah Lubanga, mtu mpole aliyevaa tai hata siku ya jua kali. Chama kilikopesha wakulima mbegu, mbolea, plau na ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi. Vijana walikuwa wamekwenda kutafuta kazi Nairobi na Kisumu, kwa hivyo waliobaki shambani kukopa walikuwa wazee. Serikali ilisema turudi mashambani, na waliokuwa huko tayari ni wale wasioweza kukimbia. Ndiyo kusema kazi yetu ilikuwa kudai babu na nyanya za watu. Hakuna aliyeitaka.

Aliyekuwa akiifanya ni Mzee Indeche, mwanamume mnene mwenye kofia ya kahawia na sauti ya kuimba kanisani. Alijua kila njia, kila mbwa, kila mto unaojaa mvua ikinyesha. Wazee walimpenda sana. Tatizo ni kwamba alikuwa akirudi ofisini na tumbo limejaa na mfuko hauna kitu.

Shida yake ilikuwa kuku. Nyinyi wa siku hizi mnakunywa soda kwa mtu na bado mnamdai, lakini zamani haikuwa hivyo. Mgeni akiingia bomani, ingokho, yaani kuku, inakamatwa. Na ukishakula kuku wa mtu, ukala obusuma, yaani ugali wake, ukanawa mikono kwenye karai lake, huwezi kufuta mdomo ukasema sasa nipe pesa. Siku hiyo imekwisha. Unashukuru, unavaa kofia, unarudi mwezi ujao. Mboga haifungi mtu. Maziwa hayafungi mtu. Kuku ndiye anayefunga. Wazee walilijua jambo hili kuliko walivyojua sheria za chama, na kulikuwa na maboma ambapo Indeche akionekana tu kwenye kilima, kuku wanaanza kukimbizwa.

Siku Bwana Lubanga aliponiita, nilidhani ni habari ya kufagia. Indeche alikuwa ameketi pembeni, kofia magotini.

"Mama Ayub," Bwana Lubanga akasema, "nimesikia wewe haulangi kuku."

"Sili."

"Ni mambo ya kanisa?"

"Ni mambo ya nyanya yangu."

Kwetu wasichana tulilelewa tukiambiwa kuku na mayai ni chakula cha wanaume. Masista wa Mukumu walituambia hayo ni maneno tu, na wanawake wengi wa rika langu walikuwa wameshaanza kula. Mimi hofu ilinitoka. Mdomo ndio uliokataa.

"Na mtu akikulazimisha?"

"Mume wangu alijaribu, Mungu amrehemu. Alikula peke yake."

Bwana Lubanga akamgeukia Indeche. Indeche akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali dawa chungu. "Ndiye huyu," akasema. "Wazee wamekwisha."

Kwa hivyo msije mkasema niliajiriwa kwa sababu ya akili. Niliajiriwa kwa sababu ya nyanya yangu, Kukhu Midecha, ambaye hakuwahi kuiona hiyo ofisi.

Siku ya kwanza Indeche alinipeleka Mumias. Nilibeba kiondo, mwavuli mweusi, kitabu cha risiti, na viazi vitamu vya kuchemsha ili nisifike kwa watu na njaa. Njiani alinifundisha. Usimuulize mtu deni akiwa amesimama. Usiulize mbele ya mkwe wake. Msalimie kila aliye bomani, hata mtoto aliye mgongoni, na umtaje kwa jina. Uliza habari ya goti kabla ya habari ya mavuno, kwa sababu mzee asiyeulizwa goti hajaamkuliwa. Ukiona bibi anafagia mahali palipokwisha fagiliwa, jua mume yuko ndani. Hayo yote bado yanafanya kazi, Wycliffe, ukiweza kuizima hiyo pikipiki kabla hujafika langoni.

Mumias tulikwenda kwa Mzee Athumani, aliyekuwa na duka dogo na shamba nyuma yake. Tuliamkiana kwa asalaam aleikum, akatuketisha kwenye mkeka barazani, akamwita jirani aje awe shahidi, ndipo akasema, "Haya, nidaini." Wazee wa huko walikuwa na madeni ya nguo za sikukuu na bidhaa za duka, wakidaiana wao kwa wao, na neno la mtu mbele ya shahidi lilitosha. Lakini neno riba hakutaka lifike kwenye mkeka wake. Indeche alikwisha kulibadilisha, akaliita ada ya ofisi.

"Ada ni ya nini?" Mzee Athumani akauliza.

"Ya kalamu, mzee. Na karatasi."

"Basi nionyeshe kalamu yangu."

Indeche akamwonyesha kalamu. Mzee akaitazama, akaitia mfukoni mwake, akalipa. Tulirudi Kakamega bila kalamu, na mwezi uliofuata tulikwenda na penseli.

Mukumu madeni yalikuwa ya karo. Wazazi wako mjini, wajukuu wako kwa nyanya, na nyanya ndiye anayekopa kwa kusema ni mbolea. Mama Perpetua Ayuma alinikaribisha vizuri, akanipa uji, nikamuuliza mbolea ya chama ameiweka shamba lipi.

"Mbolea yako inasoma," akasema. "Iko darasa la saba. Ina akili sana."

"Na italipa lini?"

"Ikiwa daktari."

Alikuwa akilipa kwa maharagwe, debe moja moja, na kila debe alilileta na barua ya mwalimu ili nione deni linavyoendelea vizuri masomoni.

Bukura palikuwa na chuo cha kilimo, na wazee wa karibu walikuwa wakichungulia mashamba ya wanafunzi juu ya ua, halafu wanakuja kukopa kile walichokiona. Huko ndiko alikoishi Mzee Erasto Mukabana. Huyu mshike jina lake. Alikuwa mrefu, mkavu, na kila deni alilipa kabla ya siku yake, tena langoni, akiwa amesimama, asikuruhusu hata kuweka kiondo chini. Hakupenda kudaiwa na hakumsamehe yeyote aliyedaiwa naye. Indeche alisema nyumba hiyo ndiyo pekee Kakamega nzima ambayo hakuwahi kupewa hata maji.

Halafu Lugari. Lugari ilikuwa dunia nyingine. Mashamba ya wazungu yalikuwa yamekatwa vipande, watu wametoka kila upande kuja kukaa, na hakuna aliyekuwa na kitu chake mwenyewe. Shamba ni la mkopo, mbegu za mkopo, waya wa ua wa mkopo. Kwetu mzee mwenye deni anajificha kwa sababu kaburi la baba yake liko pale pale linamtazama. Lugari hapakuwa na kaburi la mtu yeyote bado. Wazee walikutana njiani wakaulizana, "Wewe umebakisha kiasi gani?" kama watu wanaoulizana wajukuu. Aliyekuwa na deni kubwa alivimba kidogo, kwa sababu ilionyesha kwamba aliaminiwa.

Mzee Zakayo Barasa alikuwa wa hao. Alikuwa mfupi, mchangamfu, mwenye koti la jeshi alilolipata sijui wapi, na bibi yake ni Mama Rasoa. Chama kilimkopesha ng'ombe wa gredi, mweupe na madoa meusi, aliyeitwa Misisi kwa heshima ya bibi wa mzungu aliyekuwa na shamba lile. Barasa alisema wawili hao walikuwa na mwendo mmoja. Malipo ya Misisi hayakuwa yamefika ofisini. Indeche alikuwa amemlia Barasa kuku wengi kuliko mtu mwingine yeyote, na alimtaja kwa huzuni.

Nilipofika mara ya kwanza Barasa alinipokea langoni kwa mikono miwili.

"Karibu mama, karibu. Rasoa, kamata ile nyekundu."

"Mzee, usisumbuke. Mimi sili kuku."

Akasimama. "Hauli?"

"Sili."

"Na mayai?"

"Na mayai."

Akanitazama kama mtu aliyefika sokoni akakuta siku ya soko imebadilishwa. Akamgeukia bibi yake. "Rasoa, wametuletea mwanamke asiyekula kuku. Hii serikali yetu imekuwa kali."

Mama Rasoa alikuwa mlangoni amemshika yule kuku. Alicheka mpaka kuku akamponyoka.

Siku hiyo nilikula obusuma na mboga, nikanawa, nikafuta mdomo, nikauliza pesa. Barasa hakuwa amejiandaa kabisa. Hakuna aliyewahi kumfikisha hapo. Aliahidi mavuno, akanipeleka kumwona Misisi, akamsifu kuanzia pembe mpaka mkia, nikaenda zangu.

Mavuno yalikuja, nikarudi. Alikuwa ameuza mahindi, na pesa zote amelipa watu wa mashamba, wale wa serikali waliomkopesha ardhi.

"Na chama?"

"Mama Ayub, wewe ni mtu wa haki. Wale wa mashamba wanakujanga na Landrover. Wewe unakuja na kiondo. Ungekuwa mimi, ungelipa nani?"

Nilirudisha kitabu cha risiti kwenye kiondo.

Bwana Lubanga alinisikiliza akikunja na kukunjua tai yake. Sheria ya chama ilikuwa wazi: aliyeshindwa kulipa ng'ombe, ng'ombe anarudi. Hakupenda, lakini wanachama wengine walikuwa wanauliza. Akasema, "Mwambie alipe kabla ya mvua kubwa. La sivyo tutakwenda na kamba."

Hilo ndilo neno nililolibeba kwenda Lugari, na kiondo hakijawahi kuwa kizito hivyo. Barasa hakuwepo. Mama Rasoa alikuwa anamkamua Misisi, kichwa amekiegemeza ubavuni mwa ng'ombe. Nilisubiri amalize. Nilimuuliza goti, nikamuuliza watoto wote kwa majina, mpaka akasema, "Sema tu, mama. Umezunguka vya kutosha."

Nikasema.

Alisogeza ndoo ya maziwa mbali na mguu wa ng'ombe. "Mkimchukua Misisi, mnichukue na mimi," akasema. "Mimi pia sijalipiwa."

Nilidhani anatania, nikaanza kucheka.

"Sicheki. Mahari yangu imebaki ng'ombe mmoja, jike, tangu nilipoolewa. Barasa alikuwa naye, huyo ng'ombe akafa kwa ugonjwa. Akasema atatafuta mwingine. Halafu tukahamia huku. Angalia hii nyumba, Mama Ayub. Shamba la mkopo, ng'ombe wa mkopo, bibi wa mkopo. Nimezeeka kwa mkopo."

Ndipo akanieleza, na mimi nawaeleza polepole kama yeye. Binti yao Jenerosa alikuwa ameolewa na mwalimu aliyeitwa Timona, kijana wa maana, na ng'ombe wa mahari walikuwa tayari kwao, wamefungwa, wanangoja. Lakini kwetu mahari ya binti haiingii bomani kama ya mama yake haijaisha. Wajomba wakidai, lango limefungwa. Kama ng'ombe wa Timona wangeingia, Barasa angeuza mmoja akalipa chama, na Misisi angebaki. Hawakuweza kuingia kwa sababu ya ng'ombe wa Rasoa. Na Barasa hakuweza kutoa ng'ombe wa Rasoa kwa sababu pale bomani palikuwa na Misisi peke yake, naye ni wa chama. Kila deni lilikuwa limekalia mkia wa lingine.

"Anayedai ni kaka yangu," akasema. "Yuko Bukura. Erasto Mukabana."

Nikajua tumepatikana.

"Anakujanga kila mwaka," Mama Rasoa akaendelea. "Kaka yangu wa tumbo moja. Ninachinja kuku, ninapika. Anakaa kwenye kiti hicho, anakunywa maji, anauliza ng'ombe, anaenda. Chakula changu hajakionja tangu tuhamie huku. Nikifa leo atakuja kuzuia jeneza mpaka alipwe, na bado atakuwa hajala."

Mimi niliyekuwa najiona mjanja kwa kutokula, nilikuta kuna mwenzangu. Erasto alijua kile nilichojua mimi na wazee wote: akila kuku wa Barasa, hawezi tena kumdai. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nakataa chakula cha wateja. Yeye alikuwa anakataa cha dada yake.

Nilimuuliza Mama Rasoa kama Misisi ana mimba. Akasema anayo, inaonekana, na kwamba ndama huyo yuko tayari kumtoa kwa kaka yake. Nikarudi Kakamega nikamuuliza Bwana Lubanga ndama wa ng'ombe wa mkopo ni wa nani. Akafungua sheria, akasoma, akafunga.

"Haijaandikwa," akasema. Halafu akaongeza, "Mama Ayub, usiniulize tena, nisije nikaandika."

Nikaenda Bukura. Erasto alikuwa langoni kabla sijafika, kwa sababu aliuona mwavuli.

"Nimekwisha kulipa."

"Umelipa, mzee. Sikuja kudai. Nimekuja kukuuliza habari ya kuku."

"Kuku gani?"

"Wa Rasoa."

Akavuta lango kidogo kulifunga. Halafu akasema, "Barasa amekutuma."

"Barasa hajui kwamba niko hapa. Angejua angekuja yeye na kuku kwapani."

Uso wake ulitaka kucheka, akauzuia. "Yule ni mjanja. Nikila, ng'ombe ataishia hapo hapo. Wewe mwenyewe huli ukiwa kazini. Watu wote wanajua."

"Kweli. Lakini mimi si dada yake."

Alitazama njia, kana kwamba kuna mtu mwingine anakuja atakayemwokoa. Nikamwambia habari ya mimba ya Misisi, kwamba Rasoa yuko tayari kumpa ndama, na kwamba mvua ikianza chama kitakwenda na kamba na hapo hatapata hata mkojo wa ng'ombe.

"Ndama aliye tumboni si ng'ombe," akasema.

"Atakuwa."

"Nataka jike."

"Hilo kamwambie Misisi. Mimi ni wa chama tu."

Hapo ndipo Erasto Mukabana alifungua lango akanipa maji. Nilipomsimulia Indeche, alivua kofia.

Alikuja Lugari siku ya Jumamosi, na mimi niliwahi kufika. Sikuwa na kazi hapo ila kushuhudia. Barasa alikuwa amevaa lile koti la jeshi na amefunga vifungo vyote, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kusema. Mama Rasoa alileta karai. Erasto aliangalia maji. Hakunyoosha mikono.

"Ng'ombe wangu?" akauliza.

"Ndama wa Misisi ni wako," Mama Rasoa akasema. "Mimi ndiye ninayemkamua mama yake. Mimi ndiye ninayemkatia majani. Nimeamua."

Barasa akapata sauti. "Mwanamke hajilipii mahari. Mambo gani hayo?"

"Basi lipa wewe, Baba Jenerosa."

Barasa akafungua kifungo kimoja cha koti. Akakifunga. Akasimama, akakohoa kama mzee wa baraza, akasema, "Mimi Zakayo Barasa, natoa ndama aliye tumboni mwa ng'ombe wangu, kumaliza mahari ya mama wa watoto wangu."

"Ng'ombe wa chama," nikasema.

"Mama Ayub, hebu niache niongee."

Nikamwacha. Mama Rasoa naye alimwacha aseme kana kwamba ni wazo lake. Karai lilikuwa bado mikononi mwake, na hakuwa ameliweka chini tangu maneno yaanze. Erasto aliona. Nadhani ndicho kilichomshinda, si ndama. Akanyoosha mikono akanawa.

Alimega obusuma, akachovya kwenye mchuzi, akachukua paja. Kuku waliobaki nje walikuwa kimya, na walikuwa na sababu.

"Chumvi iko sawa?" Mama Rasoa akauliza.

"Imezidi."

"Ndivyo mama alivyokuwa anapika."

"Ndivyo," Erasto akasema, akaongeza mchuzi.

Mama Rasoa alitoka nje na karai. Alikaa huko kuliko inavyohitajika kumwaga maji. Aliporudi, kaka yake alikuwa amemaliza firigisi, ile tunayoiita imondo, ambayo ni ya mgeni mkubwa, na Barasa alikuwa amerudiwa na maneno, anamweleza jinsi ya kufuga ng'ombe wa gredi, mtu ambaye hakuwahi kushika chuchu ya ng'ombe.

Ng'ombe wa Timona waliingia kabla ya mvua. Barasa aliuza dume mmoja, akaja mwenyewe mpaka Kakamega kulipa, na Bwana Lubanga aliyeiweka kamba tayari nyuma ya mlango aliipeleka nyumbani kwake kuanikia nguo. Ndama alizaliwa. Alikuwa dume. Erasto alimpokea, kwa sababu alikuwa amekwisha kula, lakini kila nilipopita Bukura alisimama langoni akaniuliza, "Mama Ayub, jike langu liko wapi?" Alinidai mpaka alipofariki, na kila mara alinipa maji.

Baada ya Barasa kulipa, Mama Rasoa alinitumia habari niende. Niliwakuta wote wawili, na kuku mezani.

"Leo hauna unachodai," akaniambia. "Kula."

Nilifikiria Kukhu Midecha. Nilimfikiria Indeche na tumbo lake. Halafu nikamtazama huyu mama aliyeanza kukaa kwake kama mtu aliyelipiwa, nikanyoosha mikono nikanawa. Mama Rasoa alichukua firigisi kwa vidole vyake akaniwekea mimi. Barasa aliifuata kwa macho kutoka kwenye bakuli mpaka mdomoni mwangu, na sijawahi kumwona mtu akiagana na kitu kwa uchungu namna hiyo. Nyama ilikuwa ngumu. Mchuzi ulikuwa mtamu, chumvi imezidi kidogo. Nikaelewa kwa nini chama kilikuwa kinapata hasara.

Nilipomaliza, Barasa aliniletea maji mwenyewe. Akanipa kitambaa. Akaketi karibu.

"Umeshiba, mama?"

"Nimeshiba, mzee. Mungu awabariki."

"Vizuri. Sasa, ile mbolea ya msimu ujao."

Nikamtazama. Nikatazama mifupa kwenye sahani yangu. Mama Rasoa alikuwa ameziba mdomo na leso, mabega yanacheka. Nilikuwa nimekula kuku wa mtu, na nimenawa kwenye karai lake. Nikatoa kitabu kwenye kiondo, nikaandika: Zakayo Barasa, Lugari, mbolea.

Alilipa. Alichelewa, lakini alilipa, na kwa muda wote huo sikuonja tena kuku kwa mteja yeyote, ili msije mkadhani nilijifunza taratibu.

Sasa nimestaafu, na mdomo umezoea kuku. Niliposema mwanzoni kwamba ninaandika chini ya mabati mapya, sikusema ni ya nani. Ni ya mkopo wa chama, kama mnavyojua, nami nimekuwa mmoja wa wale wazee niliokuwa nikiwafuata. Nimesikia kwamba Agripina ndiye aliyepewa upande huu. Aje tu. Azime pikipiki mbali kidogo, aulize goti langu la kushoto kwanza. Na asije ameshiba, kwa sababu yule jogoo mwekundu nimekwisha kumfunga mguu.